Bibi Maendeleo na Swali la Mbele ya Watu

Siku walipomuaga kazini, mgeni rasmi alisimama akasema kwamba Bibi Maendeleo hakuwahi kumkosea mtu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikunja mikono. Nilikuwa karani katika ofisi ileile ya kata, pale Bunda, miaka tisa meza yangu ikitazamana na yake, na ningeweza kumtaja mtu mmoja ambaye yeye alimkosea bila hata kumaliza kutafuna. Lakini sherehe ya kuaga ni mahali pa kula pilau, nani atasimama kuharibu? Nikanyamaza, nikala, nikaondoka na hasira yangu. Ninaiandika leo, na nitajitahidi kumtendea haki, maana alistahili haki pia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alikozaliwa na ukoo wake aulizwe mwingine. Mimi nilimjua kwa kazi. Kwenye barua alikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii, lakini kuanzia akina mama wanaochoma mahindi stendi hadi wachungaji wa makanisa, wote walimwita Bibi Maendeleo, naye aliitika. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alivaa raba nyeupe alizozisugua kwa mswaki kila asubuhi kabla hajagusa faili. Ukiingia ofisini na matope alikuangalia miguu kwanza, uso baadaye. Vikundi vyote vya wanawake na vijana waliotaka mkopo wa halmashauri ili waanzishe biashara vilipita mikononi mwake. Asipotia saini yeye, fomu haiendi popote.

Na hakuwa mwepesi wa saini. Mabwana wa halmashauri walitaka kujua unauza nini, soko liko wapi, mtaji kiasi gani. Yeye hayo hakuyauliza kabisa. Aliuliza jambo moja tu: "Biashara hii unataka ikupeleke wapi?" Aliliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza unashukia kituo gani, kisha akanyamaza. Ukijibu kwa maneno matatu matupu, alinyamaza tena. Nimeona wanaume wenye ndevu wakitoka jasho kwenye ukimya ule.

Jibu alilolichukia kuliko yote ni hili: "Nataka kusomesha watoto." Karibu kila mwanamke alilitoa, na wanaume nusu. Yeye alilipiga mstari kwenye fomu hapohapo, kwa kalamu nyekundu, mwombaji mwenyewe akiangalia. "Hilo ni jibu la kanisani," alisema. "Watoto utasomesha hata ukilima mihogo. Mimi nakuuliza wewe." Watu walimwona hana adabu. Kuna mama aliondoka akilia, akisema ameambiwa hapendi watoto wake. Kesho yake alirudi, akasema amefikiri usiku kucha na kumbe anachotaka ni kupata sababu ya kutoka nyumbani kila siku, maana amechoka kukaa na mama mkwe. Akasainiwa.

Hapo ndipo ilipokuwa ajabu yake. Hakutafuta sababu nzuri, alitafuta sababu ya kweli. Nakumbuka mwanamke mmoja wa vijiji vya ziwani aliyeomba cherehani. Alizunguka weee, mara ajira, mara maendeleo ya mwanamke, Bibi Maendeleo kanyamaza tu. Mwisho mama wa watu akachoka, akasema, "Mke mwenzangu anayo." Kikundi kizima kikaangua kicheko. Bibi Maendeleo hakucheka, alichukua kalamu ya buluu akasaini. Baadaye aliniambia kwamba sababu mbaya iliyosemwa anaiamini kuliko nzuri ya kukariri, kwa sababu mwenye nayo ataamka asubuhi hata mvua ikinyesha. Na kweli, cherehani ile ilifanya kazi miaka mingi, na naambiwa mke mwenza ndiye aliyekuwa anamletea wateja.

Alikuwa pia na utaratibu wa siku ya kukaa. Hakuna mwongozo wa serikali ulioutaja, aliutunga mwenyewe. Ukisema unataka kufungua bucha, anakutuma kwa mwenye bucha, ukae siku nzima toka anafungua mpaka anafunga, mikono imefungwa, simu umemwachia Bibi Maendeleo. Ukirudi anauliza ni saa gani uliipenda. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka bucha kwa sababu mwenye bucha mtaani kwake anaheshimiwa, anaitwa bosi. Akatumwa. Saa tatu asubuhi tukamwona anarudi, shati limelowa, anasema harufu imemshinda na wateja hawana shukrani. Aliulizwa saa aliyoipenda, akasema aliipenda njia ya kwenda, ilikuwa na miti na kimya. Leo ana kitalu cha miche kando ya barabara, na hamwiti mtu bosi wala haitwi.

Kwa hiyo sisemi hakuwa na akili. Alikuwa nayo, tena ya kutosha kugawa. Nilisafiri naye mara moja hadi Musoma, kwenye semina ya ujasiriamali, hoteli moja pale mtaa wa Mukendo. Mtoa mada alikuwa kijana wa suti ya kubana, kipaza sauti mkononi, anatufanya watu wazima tusimame tupige kelele kwamba sisi ni mabosi. Fursa hapa, fursa pale. Alimsifu mwalimu wa kike aliyeacha kazi wiki mbili kabla ili ajiajiri, na yule mwalimu alisimama akapigiwa makofi, bado hajui atafanya biashara gani. Namwonea huruma hadi leo. Hivi nani aliwapa watu hawa ruhusa ya kuchezea maisha ya wenzao kwa chai na sambusa? Bibi Maendeleo akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akamuuliza yule kijana semina hizi zinampeleka wapi yeye. Akajibu kwamba ana kiu ya kubadilisha maisha ya watu. "La kanisani," akasema Bibi Maendeleo, akarudisha kipaza sauti, akakaa. Njia nzima ya kurudi Bunda nilikuwa nacheka. Siku hiyo nilimpenda mno.

Lakini wewe kumuuliza yeye, hapana. Niliwahi kujaribu, mwaka wa pili au wa tatu, mvua imetufungia ofisini. Nikamuuliza aliingiaje kwenye kazi hii, alikuwa anatafuta nini. Alichukua kikombe chake ambacho kilikuwa safi, akaenda kukiosha. Alikiosha mpaka mvua ikakatika. Harusi alihudhuria, msiba alihudhuria, michango alitoa kabla hajaombwa, ila vikao vya mahari hakukanyaga, hata cha mpwa wake. Alisema tumbo linamsumbua. Miaka tisa, vikao vyote, tumbo lilelile.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Aliolewa Bunda, na ng'ombe wa mahari waliotolewa kwa ajili yake baba aliwatumia kumwolea kaka yetu mke, kama inavyofanyika kwetu karibu kila boma. Mume wake alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga kwa chumvi, kwa kuchelewa sokoni, kwa kukaa kimya. Mara mbili Dada alirudi kwa baba, na mara mbili baba alimsindikiza mwenyewe hadi kwa mumewe, anaona aibu lakini anatembea. "Ng'ombe zile zilishamwolea kaka yako," alimwambia. "Ukiondoka, watu watakuja kudai, na mimi boma langu halina kitu. Unataka nikamvue kaka yako mke?" Kaka naye alikuwepo, anaangalia chini. Sijui nani kati yao nimkasirikie zaidi, na nimekuwa na muda mrefu wa kuchagua.

Dada akatunga mpango. Angejiunga na kikundi cha akina mama wanaoleta dagaa Bunda kutoka ziwani. Faida yake asingeipeleka nyumbani yote, angenunua mtamba mmoja mmoja pale mnadani, amfiche kwa rafiki yake, mpaka watimie. Kisha angewarudisha ng'ombe mwenyewe, aondoke na watoto wake wawili mchana kweupe, na asiwepo mtu wa kumrudisha. Mpango huo alinieleza mimi peke yangu, tukiwa tunatwanga, na alipomaliza aliniuliza kama ni dhambi. Nikamwambia si dhambi. Kwa maisha yangu yote sijapata kusikia mtu anayejua vizuri hivyo biashara yake ni ya nini.

Siku ya kikundi kuhojiwa ikafika. Wanawake kumi kwenye mabenchi, wamekaa mduara. Bibi Maendeleo hakumhoji mtu peke yake, alisema wanaodhaminiana lazima wasikiane. Na mhazini wa kikundi, aliyekaa benchi la pili amepakata mkoba, alikuwa wifi yake Dada, dada wa tumbo moja na yule mume. Mimi nilikaa pembeni naandika muhtasari.

Zamu ya Dada ilipofika akaulizwa biashara hii anataka impeleke wapi. Hakunitazama, nadhani aliogopa kunitia matatani. Akasema, "Nataka kusomesha watoto."

Kalamu nyekundu ikapiga mstari. Akaulizwa tena. Akasema nataka kumsaidia mume wangu. Mstari. Akaulizwa mara ya tatu, na ukimya ule ukashuka juu yake, wifi anamwangalia, wanawake wanamwangalia, na kwenye shavu lake la kushoto kulikuwa na uvimbe ambao poda haikuufunika. Dada akasema hana jibu jingine. Bibi Maendeleo akafunga faili. Akasema mama huyu bado hajajua anachotaka, akajitafakari, aje mwakani.

Hajajua anachotaka! Nimeyabeba maneno hayo kama jiwe kwenye kiatu. Kulikuwa na mtu mmoja chumbani mle anayejua anachotaka hadi idadi ya kwato, na ndiye aliyefukuzwa. Wenzake waliosema wanataka kupanua wigo wa biashara walisainiwa, kwa sababu siku hiyo walikuwa wamefundishana majibu mapya. Tangu hapo nikianza kusikia watu wakifundishwa kwamba kabla ya biashara ni lazima uwe na ndoto, uwe na maono, uyaseme kwa sauti, nainuka naondoka. Kukimbia nako ni lengo. Kutaka kulala bila kusikiliza hatua za mtu mlangoni ni lengo, tena kubwa. Ila si kila lengo linaweza kusemwa mbele ya wifi.

Mwakani haukufika. Dada alikaa kwa yule mtu miaka mingine miwili, na mwishoni alipigwa upande wa kushoto mpaka sikio likafa. Wakati huo mimi nilikuwa nimehamishiwa Musoma, nimepanga chumba Mwisenge. Alikuja na watoto na ndoo moja ya nguo. Mume akaenda kudai ng'ombe kama ilivyotarajiwa, wazee wakakaa, baba akalia, kaka akatoa wawili. Waliobaki Dada alisema atawarudisha yeye, apewe muda. Akaanza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa kiwandani, pale karibu na soko, karai moja na jiko la mkaa. Hakuna mkopo, hakuna semina, hakuna fomu. Ilimchukua miaka. Mwaka jana ndama wa mwisho alipelekwa kwenye boma la yule mtu, na Dada alinunua soda, akatugawia wote nyumbani, akanywa yake taratibu.

Niliwahi kumuuliza kama anaipenda kazi yenyewe. "Samaki sizipendi hata kidogo," akasema. "Mimi napendaga jioni. Nafunga mlango wangu, ufunguo ninao mimi."

Mwezi wa tano mwaka huu nilikwenda Butiama kwenye msiba wa mama wa mfanyakazi mwenzangu. Baada ya maziko nilipita nyuma ya nyumba, kwa wanawake waliokuwa wanakata kabichi, na nikamwona Bibi Maendeleo. Alikuwa amepungua, mabega yamelegea, kanga mbili na kandambili. Alinitambua kabla sijaamua kama nimsalimie. Akanipa kisu, akanisogezea kabichi, na tukakata pale, tukiulizana habari za huyu na yule. Alisema amestaafia kwao, analima mihogo, na wajukuu wanamcheka kwamba mtu aliyeanzishia biashara wilaya nzima hana hata genge la nyanya. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Yule dada yako yuko wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, mpango wa mitamba, wifi mwenye mkoba, sikio, karai, ndama wa mwisho. Nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba, lakini nilikuwa nakata kabichi kwa hasira hadi mama mmoja akaninyang'anya kisu. Nilimwambia kwamba alikuwa hodari wa kuuliza na kipofu wa kuona. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikuwa kipofu," akasema. "Nilikuwa najua."

Nilifikiri amechanganyikiwa kwa uzee.

"Mwanamke wa huku kwetu akihangaikia biashara namna ile, na anakwepa kusema ni ya nini, ni ng'ombe. Nitakosaje kujua? Mimi mishahara yangu ya kwanza, yote, ilienda kwenye ng'ombe zangu za mahari. Nilijikomboa mwenyewe. Ndiyo maana nilitafutaga kazi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Yule wifi yake alikuwa anasubiri nimsaini tu, apeleke maneno kwamba Bibi Maendeleo anavunja ndoa za watu. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nikaogopa, mwanangu. Nikaona nimkatalie kwa swali langu, maana hakuna ambaye angeshangaa."

Nilimuuliza kwa nini hakumwita hata pembeni.

"Ningemwita," akasema. "Na wewe ulikuwepo, unaandika. Ulikuwa hujui?"

Nilisimama nikaenda kunawa, na nilipanda gari la Musoma bila kumuaga. Wiki nzima nilikuwa namtukana moyoni. Nilitunga majibu mazuri sana: kwamba mimi nilikuwa karani tu, kwamba karani haulizwi, kwamba ningepoteza kazi, kwamba nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Kila nilipofika mwisho wa jibu nilikuta ni lilelile alilonipa yeye.

Jumamosi nilikuwa kwa Dada, namsaidia kufunga mapanki kwenye magazeti. Foleni ilikuwa ndefu, mafundi wa gereji, wanafunzi, akina mama wenye mabeseni. Bibi Maendeleo akatokea akiwa ameshika mkoba kifuani, anauliza njia kwa watu. Alikuwa ametoka Butiama alfajiri. Hakunijali mimi. Alikwenda akasimama upande wa kulia wa Dada, upande unaosikia, na akapaza sauti kama alivyokuwa akifungua mikutano.

"Mama, mimi ndiye niliyekunyima saini pale Bunda. Nilisema hujui unachotaka. Ulikuwa unajua, na mimi nilikuwa najua kwamba unajua. Niliogopa watu. Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya watu."

Fundi mmoja aliyekuwa amenyoosha mkono kupokea samaki aliurudisha. Dada aligeuza panki moja, akageuza la pili, akalitoa, akalikung'uta mafuta, akaliweka kwenye sinia. Nilifikiri hatasema kitu, na moyoni nilitaka asiseme kitu, nilitaka yule bibi asimame hapo na ukimya ule mpaka ajue ulivyo.

"Sogea huku, mama," Dada akasema. "Mafuta yanaruka, yatakuchoma."

Akageuza ndoo tupu kwa mguu, akaipangusa kwa kitambaa, akamwonyesha akae. Bibi Maendeleo akakaa, magoti pamoja, mkoba mapajani, machozi yanamtoka wala hayafuti. Wateja wakaanza kuagiza tena. Dada akainua uso, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama na gazeti mkononi, akangoja na mimi niseme la kwangu.